Weusi wa mwamba wa Mlima Kenya huenda ukawa mmea

MTU anayeupanda Mlima Kenya kupitia Naro Moru huvuka kanda nyingi za mimea kabla ya kuufikia mwamba mtupu. Huanza na msitu wa miti mirefu, akaingia katika mianzi, akapita kwenye vichaka vilivyoning'inia ndevu za kijivu, kisha akatokea katika uwanda wa baridi wenye senesio na lobelia zinazomzidi kimo. Afikapo mita 4,000 na zaidi, macho yake huwa tayari yameelekea juu kwenye vilele vya Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188). Ni nadra sana autazame mwamba ulio sawa na bega lake.

Lau angeutazama, angeona madoa madogo meusi, mengine mekundu yaliyoiva hadi kuelekea weusi, yameng'ang'ania jiwe mfano wa masizi kwenye chungu. Wengi huyapita wakidhani ni uchafu au ni rangi ya jiwe lenyewe. Baadhi ya madoa hayo ni mimea. Yana mashina, yana majani, na kwa wakati wake huzaa vifuko vya spora vinavyofunguka kwa namna isiyoonekana katika mmea mwingine wowote mtu atakaokutana nao mlimani humo.

Mmea huo ni wa jenasi iitwayo Andreaea. Spishi yake iliyoenea zaidi duniani ni Andreaea rupestris, neno hilo la pili likiwa la Kilatini lenye maana ya kitu cha miambani. Hukua Ulaya, Asia na Marekani Kaskazini, na jenasi yenyewe inajulikana pia kutoka milima mirefu ya Afrika Mashariki: Kilimanjaro, Rwenzori na huu wetu wa Kenya.

Kabla ya kuendelea, yafaa tuelewane kuhusu jina. Kiswahili hakijatulia katika kuwataja viumbe hawa. Ule utelezi wa kijani kwenye ngazi ya kisima wengi huuita ukoga. Neno kuvumwani nalo hutumiwa na baadhi ya waandishi kwa mmea tunaouzungumzia, ilhali wengine hulitumia kwa kiumbe tofauti kabisa, yaani ile ndoa ya kuvu na mwani ambayo katika makala haya tutaiita laikeni. Mtu akilivunja neno lenyewe vipande viwili ataona kwamba hao wa pili ndio wenye haki nalo zaidi, kwa maana mmea wetu si kuvu wala si mwani. Hata hivyo, maadamu hakuna neno jingine lililozoeleka, hapa tutasema kuvumwani tukimaanisha mmea mdogo wa kijani usio na mizizi ya kweli, usiotoa maua wala mbegu, na unaoenea kwa spora.

Suala hili la majina si la walimu wa lugha pekee. Anayeziita ndevu za kijivu za kule vichakani, doa la manjano la kwenye jiwe na kishungi cheusi cha mwambani kwa jina moja hawezi kujua ni kipi kati ya hivyo kimepungua na kipi kimeongezeka. Zile ndevu, kwa mfano, aghalabu ni laikeni ya jenasi Usnea. Hazina jani wala shina la kweli.

Tuje basi kwenye utambuzi. Vifaa ni vichache: lenzi ya mkono yenye kukuza mara 10, chupa ya maji, na subira. Kwanza, tazama doa likiwa kavu. Iwapo ni mchirizi uliopakaa mwamba kama wino uliomwagika, usio na umbo wala unene, huenda ikawa ni madini yaliyoachwa na maji au ni utando wa bakteria wadogo wanaoishi palipo na unyevu. Iwapo ni ganda lililoshikamana na jiwe kiasi kwamba haliwezi kubanduliwa bila kisu, au ni kipande kama ngozi kavu kilichoshikwa na mwamba katikati tu, hiyo ni laikeni. Kipande cha namna hiyo ya pili huwadanganya wengi kwa sababu nacho huwa cheusi, na hukaa kwenye miamba ileile ya juu. Iwapo unaona kishungi au kitakia kidogo kilichoundwa na vijiti vingi vilivyosongamana, kila kijiti kimevikwa vijani vidogo kuliko chembe ya mchele, hapo umekutana na kuvumwani.

Pili, dondosha maji juu yake kisha usubiri dakika chache. Laikeni nyingi hulainika tu na pengine kubadilika rangi. Kuvumwani hufanya jambo la kutazamika: majani yaliyokuwa yamelala na kulibana shina huinuka na kufunguka, na kile kilichoonekana kama masizi kikawa kichaka kidogo chenye rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijani.

Sasa imebaki kujua ni kuvumwani gani, kwa kuwa Andreaea haiishi peke yake. Jirani yake mkuu ni jenasi ya Grimmia, ambayo nayo hupenda miamba mikavu ya juu. Grimmia nyingi hufanya vitakia vya mviringo vyenye rangi ya kijivu, na ukitazama kwa lenzi utaona sababu ya ukijivu huo: kila jani limeishia kwa unywele mweupe. Jani lake pia lina mshipa wa kati unaotoka kwenye shina hadi karibu na ncha. Jirani mwingine, Racomitrium, hufanya mikeka mipana iliyolegea, na katika spishi kadhaa zake nywele huwa ndefu mno hata mkeka mzima ukaonekana kama sufi. Andreaea haina unywele huo. Jani lake huishia kwa ncha ya rangi ileile ya jani, na katika Andreaea rupestris hakuna mshipa wa kati hata kidogo. Urefu wa jani ni karibu milimita moja tu. Shina lenyewe kwa kawaida halizidi sentimita mbili, nalo huvunjika upesi likiwa kavu, kwa hiyo mwenye mikono mizito na asilishike.

Dalili isiyo na shaka ni kifuko cha spora. Katika kuvumwani za kawaida, zile za kwenye kuta za mawe na mashina ya miti huku chini, kifuko hubebwa juu ya kikonyo chembamba, nacho hufungwa kwa kifuniko kidogo. Spora zikikomaa kifuniko hudondoka, na chini yake huonekana mduara wa meno madogo yanayodhibiti utokaji wa spora. Hivyo ndivyo wanafunzi wa shule za upili huchorewa ubaoni.

Andreaea imekataa mpango huo wote. Haina kifuniko, haina meno, wala haina kikonyo cha kweli. Kifuko chake, ambacho hakifiki milimita moja, hupasuka ubavuni kwa nyufa nne zilizosimama wima, huku ncha ya juu na tako la chini vikibaki vimeshikana. Hewa ikikauka, pande zile nne hujibinua nje na nyufa zikapanuka, spora zikapeperuka. Hewa ikiwa na unyevu, hujinyoosha na kufunga. Mwenye kuitazama ikiwa wazi huona umbo la kandili ndogo au fanusi yenye madirisha manne, na ndiyo maana katika lugha nyingine mmea huu umepewa jina la taa. Msomaji aliye na lenzi anaweza kuipa kandili hiyo tone la maji na kuiona ikifunga madirisha yake.

Hata ile nguzo fupi inayokiinua kifuko si kikonyo bali ni nyongeza ya shina la mmea mama. Huenda hili likaonekana kuwa jambo dogo, lakini ni mojawapo ya sababu zilizowafanya wataalamu waiweke Andreaea mbali na kuvumwani nyingine, katika tawi lililojitenga mapema sana katika ukoo huo. Sababu nyingine ni namna inavyoanza maisha. Spora za kuvumwani za kawaida huota nyuzi nyembamba. Ile ya Andreaea huanza kugawanya seli zake ikingali ndani ya ganda lake, kisha hutoa utando bapa kama utepe ambao unaweza kulala juu ya jiwe na kupenya katika nyufa zake.

Si ajabu basi kwamba mmea huu uliwasumbua hata mabingwa. Katika karne ya 18 Carl Linnaeus wa Uswidi, aliyeweka msingi wa majina ya kisayansi ya viumbe, aliziweka aina hizi katika Jungermannia, jenasi ya livawoti. Hao ni jamaa wa mbali wa kuvumwani, ambao vifuko vyao hupasuka sehemu nne. Aliziona nyufa nne akatoa hukumu. Aliyekuja kulirekebisha jambo hilo ni Johann Hedwig, daktari aliyefanyia kazi zake Leipzig, Ujerumani, na aliyetumia hadubini pale wengine walipotumia macho. Hedwig alifariki mwaka wa 1799. Kitabu chake kikuu kuhusu kuvumwani kilitolewa mwaka wa 1801, na hadi leo ndicho kinachohesabiwa kuwa mwanzo wa majina halali ya karibu kuvumwani zote. Humo ndimo lilimo jina Andreaea rupestris. Jenasi ilipewa jina la J. G. R. Andreae, mfamasia wa mji wa Hannover, ambaye bila shaka hakuwahi kudhani kwamba jina lake lingefika Ikweta.

Je, mmea usio na mizizi unaishije juu ya jiwe tupu, mahali ambapo mchana jua huchoma na usiku maji huganda? Mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi, Olov Hedberg, aliyeizuru milima ya Afrika Mashariki mwaka wa 1948, aliieleza hali ya juu huko kuwa ni kiangazi kila mchana na kipupwe kila usiku. Mimea mikubwa imejitengenezea ngao. Senesio huvaa majani makavu shinani kama koti, na lobelia hufunga majani yake jua linapotua. Andreaea haina koti. Mbinu yake ni kukubali kukauka. Maji yakiisha, shughuli zote ndani ya seli husimama, naye hubaki mkavu kama karatasi bila kufa. Ukungu ukipita, au umande ukashuka, majani huyanywa maji moja kwa moja kupitia ngozi yake, na baada ya muda mfupi kazi ya kujitengenezea chakula kwa mwanga huanza upya. Huenda siku nzima akapata saa chache tu za kuishi kwa maana halisi ya neno hilo, na ndiyo sababu ukuaji wake ni wa polepole mno. Kishungi cha upana wa sarafu si kitu cha kukwanguliwa kwa kiatu.

Weusi wenyewe una kazi. Kuta za seli zake zimejaa rangi nzito ya kahawia inayopunguza makali ya jua, ambayo katika kimo hicho, penye hewa nyepesi, ni makubwa kuliko ya bondeni. Tena mmea huu huchagua mwamba. Hupenda mawe yasiyo na chokaa, na Mlima Kenya, ambao ni volkano iliyozimika zamani, umemwekea mengi ya namna hiyo. Kitovu cha vilele vikuu ni jiwe gumu liitwalo sayenaiti, na kuzunguka hapo kuna mawe ya lava, likiwemo lile lililopewa jina la kenaiti kutokana na mlima huu.

Hapa pana jambo la kutahadhari. Lenzi ya mkono itamfikisha mtu hadi kwenye jenasi, si zaidi. Zipo Andreaea zenye mshipa wa kati, kama ile Andreaea rothii ya Ulaya, na zipo zisizo nao zinazofanana na rupestris kama mapacha. Kuzitenganisha huhitaji hadubini: kutazama kama mgongo wa jani una vinundu vidogo (rupestris huwa navyo), umbo la seli za kwenye tako la jani, na majani maalumu yanayokizingira kifuko. Wataalamu wenyewe wamekuwa wakivutana. Wakusanyaji wa zamani walikuwa wepesi wa kuipa kila sampuli ya Kiafrika jina jipya, na baadhi ya majina hayo yamekuja kufutwa baadaye ilipobainika kwamba ni spishi zilezile zinazojulikana kwingine. Kwa hivyo mpanda mlima anayerudi na picha akatangaza kwamba ameona rupestris atakuwa amesema zaidi ya alichokiona. Akisema ameona Andreaea yenye vifuko vilivyofunguka, asiye na mshipa wa jani, kwenye mwamba fulani wa kimo fulani, atakuwa ametoa habari yenye thamani.

Na thamani hiyo inazidi kupanda kila mwaka kwa sababu ya mambo yanayotendeka juu yake. Mwaka wa 1899, Halford Mackinder na wenzake walipofika kileleni Batian, barafuto za mlima huu, yaani ile mito ya barafu itambaayo polepole, zilihesabiwa kuwa 18. Nyingi kati yazo hazipo tena. Barafuto ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka wa 1934 na 2010. Ile ya Tyndall ilikuwa ikirudi nyuma kwa karibu mita 3 kwa mwaka kuanzia 1958 hadi 1996, kisha mwendo ukaongezeka hadi karibu mita 10 kwa mwaka kati ya 1997 na 2002. (Ilikuwa kando ya barafuto hiyo, mwaka wa 1997, ambapo ulionekana mzoga wa chui uliokuwa umehifadhiwa na barafu kwa karne kadhaa.)

Barafu ikiondoka huacha jiwe ambalo halijaona jua kwa muda mrefu. Mtafiti Mjapani Kazuharu Mizuno, aliyeifuatilia Tyndall kwa miaka mingi, alionyesha kwamba mimea huifuata barafu kwa nyuma kama kundi linalofuata mchungaji. Wa kwanza ni senesio ndogo iitwayo Senecio keniophytum, na miongoni mwa wanaotangulia zimo kuvumwani na laikeni. Mtu anaweza kushawishika kusema kwamba kwa mmea wa mwambani hii ni neema: mawe mapya, nafasi mpya. Mimi nasita. Kishungi kisicho na mizizi hutegemea unyevu wa ukungu, umande na theluji inayoyeyuka mchana. Unyevu ukipungua, wingi wa mawe hautamfaa kitu. Isitoshe, joto likipanda, mimea ya chini husogea juu, lakini aliye karibu na kilele hana pa kusogea. Kati ya neema na hasara, itakayoshinda itajulikana tu iwapo kuna aliyeandika leo ni nini kilikuwa juu ya mwamba upi.

Uandishi huo si lazima uwe wa maprofesa peke yao. Waongozaji, wapagazi na walinzi wa mbuga huipita miamba hiyohiyo mara nyingi kwa mwaka, fursa ambayo mtafiti wa kutoka mbali haipati. Kinachohitajika ni picha mbili za kishungi kilekile, moja kikiwa kikavu na nyingine baada ya kumwagiwa maji, huku sarafu ikiwa kando yake kuonyesha ukubwa. Yaandikwe pia tarehe, kimo, mahali kamili ambapo simu inaweza kupaonyesha, upande ambao mwamba unautazama, na kama pana kivuli au mchirizi wa maji. Mwamba mkubwa usiohama, kwa mfano ulio kando ya njia inayoelekea Lenana, unaweza kupigwa picha kila msimu baada ya mvua za masika na za vuli.

Kuchukua sampuli ni jambo jingine. Eneo hilo ni mbuga ya taifa tangu mwaka wa 1949, na tangu 1997 limo katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO. Haruhusiwi mtu kung'oa mmea humo bila kibali, hata kama ni mdogo kuliko kucha. Mtafiti huomba ruhusa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) na kwa tume ya serikali inayosimamia utafiti (NACOSTI). Mwenye kibali huchukua kipande kidogo tu, akaacha kishungi kilichobaki kikiwa kimeshika jiwe, kwa sababu nafasi iliyokwanguliwa yote huenda isijazwe tena katika maisha ya aliyeikwangua.

Kipande hicho hakitiwi kwenye mfuko wa plastiki, ambamo kitaoza, bali kwenye bahasha ya karatasi iliyokunjwa, na maelezo yote yakaandikwa juu yake kwa penseli. Mahali pake pa mwisho ni hifadhi ya mimea iliyokaushwa, kama ile ya Afrika Mashariki iliyoko katika Makavazi ya Kitaifa, Nairobi. Humo hakihitaji kubanwa kama yanavyobanwa majani ya mimea mikubwa, wala hakihitaji dawa ya kukihifadhi. Kitakaa kikavu ndani ya karatasi yake miaka 50 au 100. Siku mtafiti atakapokihitaji, atakiweka chini ya hadubini na kukidondoshea tone moja la maji, na majani yake, ingawa yalikwisha kufa kitambo, yatainuka na kufunguka kama yalivyofanya mwambani.